Nyekundu Mbili

Sokoni nyanya ndogo haina jina. Kubwa inalo: muuzaji wa soko la Kilombero, Arusha mjini, atakuambia hii ni Tanya, ile ni Rio Grande, na zile zilizopangwa peke yake kwenye kreti ni chotara za kwenye vitalu nyumba. Mwonyeshe nyanya nyekundu inayoenea kwenye kijiko cha chai, muulize ni aina gani, atasema hizo ni za kienyeji. Ukizidi kumbana atakutilia konzi moja bure juu ya fungu lako, biashara iendelee.

Jibu hilo haliniridhishi, na sidhani kama linapaswa kumridhisha mtu yeyote mwenye bustani nyuma ya nyumba. Nyanya kubwa zimechujwa mara nyingi sana. Watu wa kale wa Amerika waliteua mimea michache yenye matunda manene. Wahispania katika karne ya 16 wakavusha bahari sehemu ndogo tu ya ile michache. Wazalishaji wa mbegu wa Ulaya wakaja kuteua tena humo humo. Ndiyo maana nyanya kubwa, pamoja na tofauti zake zote za sura, kwa vinasaba zinakaribiana mno. Ndogo zimebaki na utajiri zaidi. Mbili zinazolingana ukubwa na rangi zinaweza kuwa mbali kinasaba kuliko zilivyo Tanya na Rio Grande, na jicho la haraka lisigundue lolote.

Iliyo ndogo kuliko zote ni ya mwituni hasa. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiita Solanum pimpinellifolium mwaka 1755, na mpaka leo huota yenyewe Peru na Ecuador, upande wa pwani, kandokando ya mifereji na kingo za mashamba. Tunda lake lina upana wa sentimita moja hivi na uzito wa gramu moja au mbili, jekundu la kukoza, na matunda hukaa mengi kwenye kichala kirefu. Shina lake jembamba hutambaa na kutawanyika, na majani yake hayana manyoya mengi ukiyapapasa. Inayofuata ni ile ambayo wataalamu huiita cerasiforme, duara, ya gramu 10 hadi 25 au zaidi kidogo. Hii imeenea katika nchi za joto duniani kote bila kuombwa na mtu. Maotea ya nyanya unayoyakuta jaani, ukingoni mwa mfereji wa maji machafu au kwenye mboji chini ya migomba mara nyingi ni ya kundi hili. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba cerasiforme yenyewe si kabila safi: nyingine ziko kati ya ile ya mwituni na nyanya kubwa, nyingine ni mazao ya nyanya kubwa iliyochanganyika tena na ndugu yake wa porini.

Halafu zipo zilizotengenezwa na watu kwa makusudi. Zile ndefu za mfano wa zabibu, zile zenye shingo mfano wa peasi, na vibete vya kupanda kwenye kopo. Micro-Tom, iliyotangazwa na watafiti wa Florida mwaka 1989, kwa kawaida haivuki sentimita 20 kwa urefu; ilikusudiwa iwe pambo la dirishani, na leo maabara nyingi za mimea zinaitumia kwa majaribio kwa sababu haili nafasi na huzaa upesi.

Udogo wenyewe una sababu inayojulikana. Mwaka 2000 kundi la Steven Tanksley wa Chuo Kikuu cha Cornell lilitenga jeni inayoitwa fw2.2, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisiendelee kugawanyika ovyo wakati tunda bado ni changa ndani ya ua. Kwenye nyanya ndogo kizuizi kinafanya kazi barabara. Kwenye kubwa kimelegea, na hiyo peke yake inaweza kubadili uzito wa tunda kwa hadi asilimia 30. Jeni nyingine huongeza idadi ya vyumba vya ndani. Kata nyanya ndogo katikati kwa upana: karibu kila mara utakuta vyumba viwili, ukuta mmoja katikati, mbegu zimezungukwa na ute. Kata kubwa ya kuchongoka-chongoka kingo, utahesabu mpaka uchoke. Kwa hiyo ukikuta tunda dogo lenye vyumba vitatu au vinne, anza kushuku kwamba ni mtoto wa nyanya kubwa aliyedumaa au aliyechanganyika.

Tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo wengi tunapoanzia na ndipo tunapopotea. Watu husema nyekundu wakamaliza. Chukua nyanya mbili zilizoiva sawasawa, moja nyekundu ya kawaida na moja ambayo wekundu wake unaelekea kwenye waridi. Zitumbukize kwenye maji ya moto mpaka ganda lianze kujikunja, zitoe, zitie kwenye maji ya baridi. Sasa vuta ganda kwa ukucha, taratibu, litoke kipande kizima, kisha liinue dirishani. La nyekundu ni la manjano, manjano safi kabisa, wala halina wekundu hata chembe. La waridi halina rangi. Unaona mti wa nje kupitia ganda. Nyama ya nyanya zote mbili ni ile ile. Tofauti yote uliyokuwa ukiiona juu ya meza imo kwenye kale kautando: ganda la manjano juu ya nyama nyekundu hulipa jicho wekundu wa moto, ganda lisilo na rangi huacha wekundu uonekane umepoa. Nyanya nyeusi nazo si nyeusi. Ni nyekundu zilizokataa kupoteza ukijani wao zilipoiva, ukijani na wekundu vikakaa pamoja ndani ya nyama. Zikiwa na ganda la manjano huonekana za kahawia, zikiwa na lisilo na rangi huonekana za zambarau. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya jaribio hili jikoni huku kachumbari ikisubiri, na atajua jambo ambalo muuzaji wa mbegu mara nyingi halijui.

Hata hivyo rangi haifiki mbali. Nyekundu mbili zenye ganda la manjano na vyumba viwili zitakuacha pale pale ulipokuwa. Hapo lazima uache tunda uende kwenye ua, na ua la nyanya ni dogo, linaangalia chini, halivutii. Watu wengi wamelima nyanya maisha yao yote bila kuligeuza hata mara moja. Ligeuze. Katikati ya petali za manjano utaona stameni zimeshikana zikafanya bomba lililochongoka. Kwenye nyanya nyingi tunazolima, stigma imejificha ndani ya bomba hilo, chavua inaangukia hapo hapo, na ua linajitosheleza. Kwenye ile ya mwituni, na kwenye baadhi ya ndogo za duara, stigma imechomoza nje, wakati mwingine milimita mbili nzima, inangoja mgeni. Mgeni mwenyewe si nyuki wa asali, ambaye hawezi kulitikisa ua la nyanya likamwaga chavua. Ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti na ndugu zao, wanaoling'ang'ania ua na kulitetemesha kwa mngurumo unaousikia ukiwa umesimama karibu. Mwaka 1977 Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na wenzake wawili walionyesha kwamba hata ndani ya Solanum pimpinellifolium peke yake kuna tofauti hii: kaskazini mwa Peru maua ni makubwa, stigma imetoka nje, mimea inachanganyika sana, ukienda kusini maua yanapungua ukubwa na mmea unazidi kujichavusha wenyewe. Aina moja, pwani moja, tabia mbili.

Kwa mtunza mbegu hili si jambo la kusoma tu. Nyanya ndogo yenye stigma iliyochomoza, ukiipanda ubavuni mwa nyingine, mwaka ujao inaweza kukuletea watoto ambao huwajui. Yenye stigma iliyofichika itakuletea yule yule. Ua moja, likitazamwa kwa makini, linakuambia ni umbali gani uache kati ya mistari.

Ua linasema na zaidi. Zile zenye umbo la peasi hupata shingo yao kabla ua halijafunguka. Jeni inayohusika, OVATE, ilitengwa mwaka 2002, lakini jambo lenyewe unaweza kuliona bila maabara: chukua ua lililo karibu kufunguka, ondoa petali na stameni kwa ncha ya sindano, utakuta ovari ya kijani yenye ukubwa wa kichwa cha pini, na shingo tayari imeanza kujitokeza. Nyingine ndefu, zile ambazo urefu wake hutokana na jeni ya SUN, bado ni za duara wakati huo. Hurefuka baada ya uchavushaji. Kwa hiyo aina mbili ambazo sahani ya saladi inazichanganya zimeshaachana njia tangu kwenye ua, kila moja kwa wakati wake.

Jirani yangu huku Tengeru, bibi wa Kimeru ambaye ameshalima migomba na kahawa kwa umri wangu wote na zaidi, hajawahi kuchana ua kwa sindano. Uani kwake ana nyanya ndogo za aina mbili, zote nyekundu. Siku moja nilimkuta anazichuma kwenye bakuli mbili tofauti, nikashangaa, maana kwangu mimi zilikuwa moja.

"Shikamoo bibi. Mbona unazitenga?"

"Marahaba mwanangu. Hizi ni mbili. Hii ya ukutani, na hii ya migombani."

Nikaonja ya bakuli la kwanza, nikaonja ya bakuli la pili. Akawa ananitazama.

"Ukila hutajua. Zote tamu. Subiri mvua."

Akanieleza: mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi ile ya ukutani imepasuka yote, ganda limefunguka kuanzia kikonyoni, ya migombani haipasuki. Ya ukutani ukiivuta inaacha kijani chake kwenye kichala na kubaki na kidonda juu, kwa hiyo hailali mpaka kesho. Ya migombani inakatika kwenye kifundo cha kikonyo na inatoka na kofia yake. Ya ukutani ni ya kula wakati ule ule, watoto wanazimaliza palepale mmeani. Ya migombani ni ya kubeba, au ya kuwekea mchuzi wa keshokutwa. Alinionyesha kifundo kile kwa kidole gumba: uvimbe mdogo katikati ya kikonyo, ambapo tunda linajitenga lenyewe likibonyezwa. Nilivibonyeza vikonyo vya aina zote mbili, kimoja baada ya kingine, na vidole vilielewa kabla ya macho.

Ninarudi kwenye maneno yale mara kwa mara, kwa sababu yanaenda kinyume na tabia yetu ya kutaka kujua kitu kwa kukitazama mara moja. Aina ya nyanya haimo kwenye tunda lililowekwa mezani. Imo katika mmea ulivyoota, jani lake la tatu kitaluni lilikuwa na meno au lilikuwa bapa kama la kiazi, shina lake lilikoma lenyewe baada ya vichala vichache au liliendelea kupanda mpaka ukakosa fito za kusimikia, tunda bichi lilikuwa na mabega ya kijani iliyokoza au lilikuwa na rangi moja, lilifanya nini kiangazi na lilifanya nini mvua iliporudi. Bibi yule anazijua aina zake mbili kwa sababu ameishi nazo misimu yote. Mimi nilikuwa nimezila tu.

Taasisi za mbegu, kwa lugha yao, zinafanya kazi ile ile. Mwaka 1996 taasisi ya kimataifa ya rasilimali za vinasaba vya mimea, iliyokuwa na makao Roma, ilichapisha mwongozo wa kuieleza nyanya: umbo la tunda, rangi ya ganda peke yake na rangi ya nyama peke yake, mkao wa stigma, manyoya ya shina, urahisi wa tunda kuachia kikonyo, kupasuka. TOSCI kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya, kabla ya kuikubali aina mpya, huuliza kama inatofautiana na zilizopo, kama mimea yake inafanana yenyewe kwa yenyewe, na kama inabaki vile vile kizazi hadi kizazi. Hapa hapa Arusha kuna tawi la Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye makao makuu Taiwan, nalo hutunza mbegu za mboga katika vyumba vya baridi, kila pakiti na namba yake. Nikisoma maswali ya mwongozo ule namsikia bibi. Kupasuka kumo. Kifundo cha kikonyo kimo.

Namba ile ya pakiti si jambo dogo. Desemba 1962 wataalamu wawili wa mimea kutoka Marekani, Hugh Iltis na Donald Ugent, walikuwa milimani Peru wakitafuta viazi vya mwituni. Kando ya njia waliona mmea wa nyanya uliojiotea, matunda madogo ya kijani kibichi yenye michirizi, kitu ambacho hakuna mtu angekipeleka sokoni. Wakauchukua, wakaupa namba 832, wakahifadhi mbegu, wakazigawa kwa watafiti wa nyanya, akiwemo yule yule Charles Rick. Miaka kadhaa ilipita. Mwaka 1976 Rick alitangaza kwamba ilikuwa spishi ambayo haijawahi kuelezwa, na alipoichanganya na nyanya za kiwandani, vizazi vilivyofuata vikawa na sukari nyingi kuliko wazazi wao wa shambani. Kwa viwanda vya kusaga nyanya hilo ni jambo la fedha nyingi, kwa kuwa sukari na vitu vingine vikizidi ndani ya tunda, maji ya kuchemsha yanapungua. Yote yalitokana na watu wawili waliokuwa wametumwa viazi, wakaona kwamba nyanya ile ya njiani haikuwa sawa na nyanya nyingine za njiani.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya kweli. Bwana shamba anapotuambia tung'oe maotea, ana sababu. Tangu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, mmea wowote wa nyanya unaoachwa bila uangalizi ni nyumba yake ya kiangazi; ugonjwa wa bakajani nao hupumzikia hapo hapo. Mkulima wa Ngarenanyuki mwenye ekari mbili za nyanya hawezi kuambiwa aache maotea yastawi kwenye mipaka yake kwa ajili ya mapenzi yangu. Ninachosema kinahusu bustani ya nyumbani, mahali ambapo mtu anapita kila asubuhi na kuona jani lililochorwa kabla wadudu hawajatawanyika. Hapo kung'oa kabla ya kujua ni hasara. Mche wa jaani unaweza kuwa mtoto wa chotara uliyonunua mwaka jana, na huyo hatatulia: chotara maarufu ya rangi ya chungwa, Sungold, iliyotolewa na kampuni ya mbegu ya Tokita ya Japani, ukipanda mbegu zake unapata mchanganyiko wa rangi na ukubwa, na inachukua vizazi kadhaa vya kuchagua kabla hujapata kitu kinachorudia sura yake. Au unaweza kuwa ule wa zamani ambao umekuwa ukijipanda wenyewe kwenye kiwanja hicho tangu kabla ya nyumba kujengwa. Hutajua mpaka uache vichala viwili viive, uzitie mbegu na ute wake kwenye kikombe kwa siku mbili tatu mpaka ute uchache na kuachia, uzioshe, uzianike kivulini juu ya sahani, uandike ulikozichuma, uzipande tena peke yake.

Mwaka huu bibi alinipa mbegu za bakuli zote mbili. Nimezisia kitaluni siku moja, nimehamisha miche kwenye tuta moja, mstari kwa mstari, nikazisimikia fito zinazolingana na kuzimwagilia kwa ndoo ile ile, ili nikiona tofauti nisiilaumu ardhi. Majani ni mamoja. Ganda ni la manjano kwa zote mbili, vyumba viwili kwa zote mbili. Kwenye maua nimepata kitu: ya ukutani stigma yake imechomoza kidogo, unaihisi kwa kidole kabla hujaiona, ya migombani imejificha kabisa. Kwa hiyo nimefunika vichala vitatu vya ile ya ukutani kwa vitambaa vya chandarua kabla maua hayajafunguka, mbegu zake zisichanganyike. Bibi amekwisha kusema atachukua za migombani, kwa sababu ndizo zinazofika kwa mwanawe mjini bila kuharibika. Za ukutani nikae nazo mimi, ndizo wajukuu wanazozitaka. Masika yakianza mwezi Machi, atakuja asubuhi tuhesabu pamoja zilizopasuka.